Maji yamechukua mpunga, wateja watatu wanadai: sheria inasema nini?

BARUA

Shikamoo Mama Wakili,

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele hapa Ifakara. Ni mjane, nina watoto watatu, na biashara hii ndiyo inayotulisha. Mwaka huu nilisaini mikataba mitatu na maji ya Mto Kilombero yameivuruga yote. Naomba nikueleze mmoja mmoja, maana usiku silali.

Wa kwanza ni wa hoteli moja ya Dar es Salaam. Meneja wao alifika huku, akala wali wa mchele wa shamba langu, akaupenda kwa harufu yake. Tukaandikiana nimpelekee magunia 80 ya kilo mia mia, na mkataba unasema mchele huo utatoka "katika shamba la muuzaji la ekari 14". Bei shilingi 2,100 kwa kilo. Wakanipa milioni 6 za awali. Masika yalipokolea mto ulipanda, shamba likakaa chini ya maji wiki tatu. Nilichookoa, baada ya kukoboa, ni magunia 11 tu.

Wa pili ni wa shule ya bweni ya Morogoro. Wao wanataka magunia 150 ya mchele daraja la kwanza kwa shilingi 2,000 kwa kilo, yafike kabla muhula haujafunguliwa. Hawajanipa hata senti ya awali, na mkataba wao hausemi mchele utoke wapi. Mimi moyoni nilijua nitanunua kwa wakulima wenzangu wa huku bondeni. Sasa wakulima hao nao hawana kitu, na mchele sokoni umefika 2,700. Ghalani nilikuwa na magunia 70 ya msimu uliopita, lakini wiki ya pili baada ya kusaini na shule alikuja mnunuzi wa Dodoma na fedha mkononi, nikamuuzia. Barabara nayo ilikatika siku kadhaa. Shule imeniandikia barua kwamba nisipopeleka mzigo ndani ya siku 14 watanishtaki.

Wa tatu ni mfanyabiashara wa Arusha. Huyu nilimuuzia magunia 60 mengine yaliyokuwa tayari, tumeyaandika kwenye mkataba kuwa yapo katika ghala la mashine ya kukoboa fulani, rundo la upande wa kulia. Tulisaini Jumatatu asubuhi mjini Morogoro, akanilipa nusu, milioni 6 na laki 3. Kumbe maji yaliingia ghalani Jumamosi usiku na mchele wote umelowa na kuota ukungu. Mlinzi alinitumia ujumbe Jumapili jioni, lakini simu yangu ilikuwa imezimika chaji nikiwa safarini, niliusoma Jumanne. Fedha yake nilishalipia mkopo wa kikundi.

Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, ameniandikia barua moja fupi ya kuwatumia wote watatu. Inasema mafuriko ni kazi ya Mungu, mikataba imekuwa haiwezekani kutekelezwa, na kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Je, nikiituma nitakuwa nimetoka? Na hizo fedha nilizopokea ni zangu au ni zao?

Wako,
Mama wa watoto watatu, Ifakara

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa shamba, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako. Nimesoma barua yako yote, na neno la kwanza ninalokuomba ni hili: barua ya shemeji usiitume. Amekuandikia kwa nia njema na hajadanganya, mafuriko yalikuwepo na kila mtu huko ameyaona. Ila siku mkifika mbele ya hakimu, hataishia kuuliza kama maji yalipanda. Atauchukua kila mkataba peke yake, aangalie uliahidi nini hasa, kisha aulize kama kitu hicho kimekuwa hakiwezekani. Na wewe uliahidi vitu vitatu tofauti. Ukiwatumia wote barua moja, utakuwa umesema kweli kwa mmoja, umesema nusu ya kweli kwa mwingine, na wa tatu umempa karatasi ya kukushtaki nayo.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56. Kina sehemu tatu fupi. Ya kwanza inasema makubaliano ya kufanya jambo ambalo kwa asili yake haliwezekani ni batili tangu mwanzo. Ya pili inazungumzia jambo lililowezekana siku ya kusaini, kisha baadaye likawa haliwezekani, au likawa kinyume cha sheria kwa tukio ambalo mwahidi asingeweza kulizuia. Mkataba huo unakuwa batili pale jambo linaposhindikana. Ya tatu inamhusu mtu aliyeahidi huku akijua, au ambaye kwa uangalifu wa kawaida angeweza kujua, kwamba analoahidi haliwezekani, wakati mwenzake hajui. Huyo anamlipa mwenzake fidia. Hiyo ya tatu uikumbuke, tutairudia kwa mtu wa Arusha.

Maneno haya hatukuyatunga sisi. Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 mpaka tulipopata sheria yetu mwaka 1961, na kifungu hiki kilihama nacho karibu kama kilivyo. Wahindi waliweka na mifano ndani ya sheria yao. Mfano wa kifungu cha 56 ni wa mtu anayekubaliana na mwenzake kumtafutia hazina kwa uchawi: makubaliano hayo ni batili. Ninaupenda mfano huo kwa sababu unaonyesha kipimo chenyewe. Hakuna mwanadamu, awe hodari namna gani, atakayeweza. Kutowezekana kwa sheria ni kwa namna hiyo. Kinaangaliwa kitu chenyewe, na hali ya mfuko wako au ya ghala lako haiingii kwenye hesabu.

Sasa nianze na shule, kwa sababu siku zako zinahesabika.

Hapa nitakuumiza, mwanangu, lakini ni afadhali uumie kwangu kuliko mahakamani. Mkataba wa shule haujafa. Uliahidi magunia 150 ya mchele daraja la kwanza, basi. Hukuahidi mchele wa Kilombero. Ulipopanga moyoni kununua kwa wakulima wa bondeni ulikuwa mpango wako, shule haikuujua wala haikuusaini. Mchele wa daraja hilo upo Mbarali, upo Kyela, upo Shinyanga. Mtu mwenye fedha anaweza kuamka kesho akaununua. Kwa hiyo jambo linawezekana, ila kwako limekuwa ghali, na ughali haumtoi mtu kwenye mkataba.

Majaji wa nchi nyingi wamelishikilia hili kwa ukali. Mwaka 1956 wafanyabiashara waliuza karanga za Sudan, zipakiwe Port Sudan kwenda Hamburg. Mwezi Novemba mwaka huo Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Muuzaji akasema safari haiwezekani tena. Majaji wa Uingereza, katika kesi ya Tsakiroglou, wakamjibu kwamba njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ipo. Ni ndefu zaidi ya mara mbili, nauli yake inauma, lakini meli zinapita na karanga haziozi njiani. Akaonekana amevunja mkataba. India nako kulikuwa na mawakala walioahidi kulinunulia jeshi samli, vita vikuu vya pili vikapandisha gharama zote, wakaomba walipwe zaidi ya walivyokubaliana. Mahakama Kuu kabisa ya India, mwaka 1960, katika kesi ya Alopi Parshad, ikawaambia kuwa kupanda kwa bei, hata kupanda kusikokuwa kwa kawaida, hakuvunji mkataba. Kesi ya India haimfungi hakimu wa Morogoro, lakini kifungu ni kile kile, na wakili wa shule ataisoma kwa sauti.

Kuna na yale magunia 70 ya mtu wa Dodoma. Ulipomuuzia, mkataba wa shule ulikuwa umeshasainiwa. Hata kama mchele ungeadimika nchi nzima, wangekuuliza ulipeleka wapi uliokuwa nao. Sheria haimkubalii mtu kujitengenezea kutowezekana kwa mkono wake. Kampuni moja ya uvuvi ya Kanada ilikuwa na meli tano za kukokota nyavu, moja ikiwa ya kukodi. Serikali ikaipa leseni tatu tu. Kampuni ikazigawa kwa meli nyingine, ile ya kukodi ikaachwa bila leseni, kisha ikataka kuvunja mkataba wa ukodi kwa kuwa meli haiwezi kuvua. Mwaka 1935 rufaa ikaamuliwa London: leseni mlikuwa nazo, mkachagua kuzipeleka kwingine, ukodi mtaulipa.

Na barabara? Barabara ilikatika, ikarudi. Kizuizi cha muda kinaweza kukutetea kwa siku zile zilizopotea, hasa ukionyesha kwamba lori lilikuwa limepakiwa na likakwama. Hakiui mkataba mzima, labda kama kuchelewa huko kunaondoa maana yote ya mzigo. Chakula cha shule kinachofika wiki moja baada ya muhula kufunguliwa bado ni chakula, ingawa wana haki ya kukasirika.

Usidhani kukaa kimya kutakuokoa na hasara. Piga hesabu pamoja nami. Ukinunua kwa 2,700 na kuuza kwa 2,000, unapoteza shilingi 700 kwa kila kilo. Magunia 150 ni kilo 15,000, hasara ni milioni 10 na nusu. Usipopeleka, shule itanunua kwingine kwa bei ya soko na kukudai tofauti hiyo hiyo chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, pamoja na gharama za kesi. Hasara haikimbiki. Inaweza kupunguzwa kwa mazungumzo tu, na hapo ndipo ninapotaka uweke nguvu zako. Nenda shuleni mwenyewe, uonane na mkuu wa shule au mhasibu, ukiwa na pendekezo lililoandikwa. Waambie utapeleka magunia 50 kwa bei ya mkataba kabla muhula haujafunguliwa, na yaliyobaki kwa awamu mbili kadiri bei inavyoshuka wakati mavuno ya maeneo mengine yanaingia. Wanafunzi hawali magunia 150 kwa siku moja. Omba pia wabebe sehemu ya ongezeko. Wakikubali, liandikwe na lisainiwe na pande zote mbili, maana mkataba mpya ndio unaoubadili ule wa zamani. Maneno ya mlangoni hayakusaidii.

Hoteli ni habari nyingine kabisa, na hapa shemeji yako amepatia kwa sehemu kubwa.

Kwao hukuahidi mchele wowote. Uliahidi mchele wa shamba moja lenye mipaka, tena wao ndio waliolitaka kwa harufu ya mchele wake. Shamba hilo limekaa chini ya maji wiki tatu. Hata ukiwa na fedha za nchi nzima huwezi kununua sokoni mpunga wa ekari zako 14 msimu huu, kwa sababu haupo duniani. Mwaka 1876 majaji wa Uingereza waliamua kesi ya mkulima aliyeuza tani 200 za viazi vya shamba lake lililotajwa. Ugonjwa ukaingia shambani, akapata tani 80 hivi. Wakasema hadaiwi zile ambazo shamba halikuzaa. Kanuni yenyewe ilitoka kwenye kesi iliyoitangulia kwa miaka kumi na tatu, ya Taylor na Caldwell. Ukumbi wa muziki wa London ulikodiwa kwa siku nne za maonyesho, ukateketea kwa moto mwezi Juni 1861, siku chache kabla ya onyesho la kwanza, na kosa si la upande wowote. Mwaka 1863 majaji wakasema pale mkataba unaposimama juu ya kitu fulani mahususi kuendelea kuwepo, kitu kikitoweka pande zote zinaachiliwa. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wagumu sana. Kwenye kesi ya mwaka 1647 mpangaji aliyefukuzwa shambani na jeshi la adui aliambiwa alipe kodi vile vile.

Wasomaji wetu wa Pwani waliokaa na masheikh wataona tofauti hii si ngeni. Katika biashara ya salam, ambapo fedha inatangulia na mazao yanafuata, wanazuoni wa fiqhi wanataka mazao yatajwe kwa sifa, kipimo na muda, na wanakataa yafungwe kwenye bustani moja iliyotajwa, kwa sababu bustani hiyo inaweza isizae. Waliona mapema hatari ile ile iliyokukuta wewe.

Lakini kuna mambo mawili juu ya hoteli usiyapuuze.

La kwanza ni yale magunia 11. Usiyauze kwa mtu mwingine, hata akija na 2,700 mkononi! Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1972 huko huko Uingereza, mkulima aliyeuza tani 275 za shayiri ya shamba lake alivuna tani 140 tu. Akafikiri upungufu umemfungua, akaziuza 140 kwa mwingine kwa bei nzuri zaidi. Mahakama ikasema amevunja mkataba kwa hizo 140: alisamehewa kilichoshindikana, hakusamehewa kilichokuwepo. Waandikie hoteli kwamba shamba limetoa magunia 11 na ni yao wakiyataka kwa bei ya mkataba. Wao wana hiari ya kukataa, kwa kuwa hawakuagiza magunia 11.

La pili ni milioni 6. Fedha hizo si zako tena. Kifungu cha 65 kinasema mkataba ukigundulika ni batili au ukiwa batili baadaye, kila aliyepokea faida chini yake anairudisha au analipa thamani yake. Maneno ya shemeji kwamba "hakuna anayemdai mwenzake" yanaanguka hapo. Kuachiliwa na ahadi kunakuondolea fidia ya kutopeleka mchele. Hakukupi fedha za mtu aliyerudi mikono mitupu. Wakichukua magunia 11, thamani yake ni shilingi 2,310,000, utabaki na deni la 3,690,000. Wakiyakataa, deni ni milioni 6 kamili, na magunia unauza unakotaka. Najua ulilipia mbegu, palizi na mbolea kwa fedha hizo. Unaweza kuwaomba wazingatie gharama hizo, wengine wana utu na wanataka mchele wako msimu ujao. Ila liwe ombi, maana kifungu chetu hakikupi haki ya kujikatia.

Jambo moja wanaweza kukubishia. Watasema bonde la Kilombero linajulikana kwa mafuriko, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kila mwaka, na wewe uliyeishi hapo ulipaswa kutarajia. Hoja hiyo ina uzito pale mtu anapoahidi kwa ukali kwamba atapeleka "hata iweje". Kwa hiyo usome mkataba mpaka ukurasa wa mwisho. Tafuta kipengele kinachotaja majanga au matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande zote. Kama kipo na kinataja mafuriko, hicho ndicho kitakachoongoza, na mara nyingi kinadai utoe taarifa ndani ya siku kadhaa tangu tukio. Kama siku hizo zimepita, nenda na mkataba huo kwa wakili haraka, usisubiri jibu la gazetini.

Sasa mkataba wa Arusha, ambao nimeufikiria muda mrefu kuliko mingine.

Kwa juu juu kesi hii ni nyepesi. Mlikubaliana juu ya magunia 60 yanayojulikana, ghala linajulikana, rundo limeonyeshwa, na siku mnayosaini mchele ulikuwa umeshaharibika. Kitu kilichouzwa hakikuwepo tena kama mchele wa kuuza. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Mikataba kinasema pande zote mbili zikikosea juu ya jambo la msingi la makubaliano, makubaliano ni batili, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inafika hapo hapo kwa bidhaa mahususi zilizopotea kabla ya mkataba pasipo muuzaji kujua. Kesi inayosimuliwa kwa wanafunzi wote wa sheria ni ya shehena ya mahindi kutoka Salonica mwaka 1848. Mahindi yalipata joto melini yakaanza kuharibika, nahodha akayauza Tunis. Huko London watu hawana habari, wakauziana shehena hiyo hiyo kana kwamba iko njiani. Mnunuzi hakulazimishwa kulipa.

Ugumu uko kwenye maneno "pasipo kujua". Ujumbe wa mlinzi ulikuwa umeshatumwa Jumapili jioni. Mimi nakuamini kwamba simu ilizimika. Mtu wa Arusha halazimiki kukuamini, na kumbuka ile sehemu ya tatu ya kifungu cha 56 niliyokutajia: inamgusa aliyejua na pia ambaye kwa uangalifu wa kawaida angeweza kujua. Watakuuliza kama ulisikia mto umejaa kabla hujaondoka Ifakara. Watakuuliza kama kulikuwa na mtu wa kumpigia kwa simu ya kuazima Jumatatu asubuhi kabla ya kupokea milioni 6. Katika kesi iliyoamuliwa Australia mwaka 1951, tume ya serikali ilikuwa imeuza mabaki ya meli ya mafuta iliyosemekana imekwama kwenye mwamba wa bahari. Mnunuzi akagharamia safari ya uokoaji, akakuta hakuna meli wala mwamba wa jina hilo mahali hapo. Tume ikajitetea kwamba huwezi kuwajibika kwa kitu kisichokuwepo. Majaji wakakataa: mliouza ndio mliomwambia mwenzenu kipo, bila msingi wowote, basi mlipeni na gharama za safari.

Hali yako si mbaya kama ya tume hiyo. Wewe mchele ulikuwa nao kweli, uliuona kwa macho yako, na ulikuwa na sababu ya kuamini upo. Naona hakimu muungwana anaweza kukubali kwamba hukujua. Hata hivyo nisingependa ufike kwake, na njia ya kutofika ni kurudisha ile 6,300,000 kabla mwenye nayo hajaanza kuhesabu nauli, lori alilokodi na wateja wake waliomkimbia. Kifungu cha 65 kinakudai fedha hizo hata ukishinda kila hoja nyingine. Kama zimeshaingia kwenye mkopo wa kikundi, mpigie leo, umweleze yote ikiwemo ujumbe wa Jumapili, na mwandikiane ratiba ya kulipa. Usimfiche ule ujumbe. Akija kuuona kwenye simu ya mlinzi wakati wewe ulikaa kimya, hakuna atakayeamini kwamba hukujua.

Namna nyingine za kutowezekana nitazigusa tu kwa faida ya wanaosoma. Kuna kushindikana kwa amri ya sheria: aliyeahidi kupeleka mahindi nje ya nchi, kisha serikali ikazuia, kama ilivyofanya mwaka 2017, anaangukia sehemu ya pili ya kifungu cha 56. Kuna kushindikana kwa mwili, pale mwimbaji aliyeahidi kuimba mwenyewe anapougua au kufa, ambapo hakuna wa kumwakilisha. Na msomaji wa Kenya ajue kwamba Sheria ya Mikataba ya huko, Sura ya 23, inampeleka kwenye kanuni za Uingereza moja kwa moja, kwa hiyo kesi za viazi, ukumbi na karanga ziko karibu zaidi naye kuliko kifungu chetu cha 56.

Turudi kwako. Anayedai jambo ndiye anayelithibitisha, na wewe ndiye utakayedai kwamba shamba halikuzaa. Maji yakishakauka ushahidi nao unakauka. Pata barua ya mwenyekiti wa kijiji na ya mtendaji wa kata zenye tarehe, maelezo ya afisa ugani juu ya ekari zilizoharibika, picha za shamba na za rundo la ghalani, stakabadhi ya mashine inayoonyesha magunia 11 yaliyokobolewa. Mlinzi naye aandike kwa mkono wake aliona nini na saa ngapi. Kama fedha za wakili hazipo, tafuta msaidizi wa kisheria katika wilaya yako. Wanatambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kuandika barua tatu kama hizi ni kazi wanayoijua.

Msimu ujao, popote mkataba unapotegemea shamba lako, andika hivyo kama ulivyofanya na hoteli, uongeze na sentensi ya mafuriko inayosema malipo ya awali yatarudishwaje. Na usisaini kiasi kisichotaja chanzo, kama ulivyofanya na shule, mpaka uwe na mchele huo mkononi au na bei ya wakulima iliyofungwa kwa maandishi.

Barua zako ziwe tatu. Ya shule itangulie, kabla siku 14 hazijaisha. Ipeleke kwa mkono, mpokeaji asaini na kugonga muhuri kwenye nakala yako, na nakala hiyo usimwachie mtu.